Lala Salama Yenye Bei: Maneno ya Wazee wa Masisi na Walikale

Kuanzia Lamu hadi Kisangani, "lala salama" ni neno la mwisho la siku. Mama humwambia mtoto, mwenyeji humwambia mgeni, taa huzimwa. Katika sehemu kadhaa za Masisi na Walikale, teritwari mbili za jimbo la Kivu Kaskazini, maneno hayohayo ni jina la kodi. Kundi lenye silaha hupita na kudai kila nyumba itoe fedha au chakula, na mchango huo huitwa lala salama: aliyelipa hatagongewa mlango usiku. Kundi la NDC-R, lililoshika sehemu kubwa ya Walikale na vipande vya Masisi kwa miaka kadhaa, liliipa kodi yake jina la kiofisi zaidi, jetoni. Ilikuwa karatasi ndogo ya faranga 1000 kwa mwezi, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameieleza katika ripoti zao. Lakini iliyodaiwa kwenye vituo vya jetoni ilikuwa lala salama ileile, ikiwa na muhuri. Makundi mengine hayakujisumbua kutunga neno jipya la uonevu huu. Lilichukuliwa la bibi, likatumiwa jinsi lilivyo.

Makala kuhusu maneno ya wazee huandikwa kwa kawaida kama tanzia. Mwandishi huorodhesha misemo ambayo vijana hawaijui tena, huilaumu simu, kisha huomba tutunze utamaduni. Sina ugomvi na masikitiko hayo, ila kwa Masisi na Walikale naiona sababu nyingine ya kuyashika maneno ya kale, iliyo ngumu zaidi na yenye faida zaidi. Huku karatasi hazidumu. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-Centre. Machi mwaka huohuo walifika Walikale-Centre kisha wakaondoka mapema Aprili. Kabla yao walipita wengine, na wengine kabla ya hao. Ofisi huhamwa, nyumba huchomwa, na mtu anayekimbia hubeba mtoto na sufuria, habebi faili. Mahali kama hapo, msamiati wa mzee ni mojawapo ya nyaraka chache zilizokimbia pamoja na watu. Tuusome basi kama tunavyosoma nyaraka, tukiuliza neno limetoka wapi, lilimaanisha nini mwaka gani, na nani aliligeuza.

Tuanze na salongo, kwa sababu linajieleza lenyewe. Ni neno la Kilingala. Ndani yake mna kosala, yaani kufanya kazi, na Kivu ililizoea enzi za chama cha Mobutu, MPR, katika miaka ya 1970. Siku moja katika wiki raia walitakiwa kufyeka kando ya barabara, kuzibua mifereji na kusafisha viwanja vya shule. Kulikuwa na shuruti ndani yake, hilo halina ubishi, lakini wazee waliokuwa vijana wakati ule wanaweza pia kukuonyesha barabara iliyopitika. Neno limebaki Kongo nzima kwa kazi ya usafi ya kawaida. Katika vilima vya Masisi na misitu ya Walikale, hata hivyo, mashirika ya haki za binadamu yamekuwa yakiandika kwa miaka mingi kuhusu salongo ya aina nyingine: wanakijiji kubeba mizigo ya wapiganaji, kuchimba mahandaki, kujenga vibanda vya kambi, kuchimba madini siku moja kwa wiki kwa faida ya mkuu wa kundi. Asiyefika hupigwa faini au hutiwa kasho, yaani mahabusu. Anayetoa amri hiyo anajua anachofanya anapochagua neno. Akisema "njooni mnitumikie", atakuwa amejitangaza mnyang'anyi. Akisema salongo, amevaa kofia ya serikali.

Sasa litazame neno lililosafiri upande wa pili. Wakati wa Wabelgiji, Wanyarwanda walilichukua neno la Kiswahili kazi wakalivika kiambishi chao, likawa akazi. Kwa babu wa wakati huo akazi haikuwa ajira. Ilikuwa kazi ya shuruti ya barabara na mashamba, yenye kiboko nyuma yake. Ndiyo, pamoja na njaa, iliyowasukuma watu wengi kukubali kuhamia Masisi kupitia mpango wa serikali ya kikoloni ulioitwa MIB, Misheni ya Uhamiaji wa Banyarwanda, uliofanya kazi kuanzia 1937 hadi 1955. Njaa zenyewe zilipewa majina kama watu: Rwakayihura ya 1928 na 1929, Ruzagayura ya 1943 na 1944. Mzee anayesema alizaliwa baada ya Ruzagayura ametaja tarehe kwa usahihi kuliko vyeti vingi. Na aliyeikimbia akazi hakufika kwenye nchi ya mapumziko, maana Kongo ya Wabelgiji ilikuwa na sheria yake ya 1917 iliyoruhusu kumlazimisha mwanakijiji kulima mazao yaliyoamriwa kwa siku hadi 60 kwa mwaka. Leo, lakini, kijana anayezungumza Kinyarwanda anatafuta akazi kwa hamu na anasikitika asipoipata. Neno limesafika. Salongo lilianza na heshima fulani likachafuka. Akazi lilianza kwa kiboko likapata heshima. Asiyejua kwamba maneno haya mawili yamepishana njiani atamsikia bibi akilitaja akazi kwa uchungu na kudhani kwamba bibi alikuwa mvivu.

Mengine tuyapitie upesi. Serikali kwa wazee wa Kivu ni leta, kutoka Kifaransa l'État, na Kinyarwanda nacho kina Leta hiyohiyo. Msemaji wa Kiswahili cha pwani atacheka, kwa sababu kwake leta ni amri ya kumtaka mtu alete alichonacho, na wazee wengi waliolipa kodi wangesema hakukosea sana. Msimamizi wa kijiji au wa shamba la mzungu ni kapita, neno la Kireno lililokatiza bara zima. Gereza ni buloko. Makuta, sarafu iliyoanza 1967 wakati zaire moja ilipokuwa makuta 100, haipo tena sokoni. Thamani yake ililiwa na mfumko wa bei, na faranga ilirudi 1998. Jina lake limekataa kuzikwa, na mtu bado hukosa makuta ingawa hajawahi kuishika hata moja. Nyumbakumi, mkuu wa kaya kumi, ni neno ambalo Watanzania watalitambua mara moja. Katika kikapu hiki kidogo mna Kifaransa, Kireno, Kilingala na Kiswahili cha Tanzania, na vyote vimo kinywani mwa mzee mmoja anayeamini kwamba anazungumza lugha ya kwao tu.

Msomaji makini atakuwa na pingamizi. Kumbukumbu za wazee huteleza. Mtu hukumbuka alivyotaka iwe, na maana ya neno hubadilika bila yeye kujua. Ni kweli, na ndiyo maana nimesema msamiati huu usomwe kama nyaraka, kwa kuulizwa maswali. Ila neno lina upande ambao msemaji hawezi kuupamba, nao ni umbo lake. Eneo ambalo MIB iliwaweka wahamiaji wengi, na ambalo lilikuwa na chifu wao hadi 1957, linaandikwa Gishari. Wahunde wanasema Kishali, na chefferie (eneo la kichifu) ya Bashali ipo mpaka leo. Si majina mawili. Kinyarwanda hakipendi k ifuatwe na silabi inayoanza na sauti isiyo ghuna, hivyo huigeuza kuwa g: kitabu chetu kwao ni igitabo. L nayo mara nyingi huwa r. Kwa kanuni hizo mbili Kishali ikitamkwa na Mnyarwanda hutoka Gishari, bila hila ya mtu yeyote. Atakayekuja na hadithi kwamba Gishari ni jina la kale lisilohusiana na Kishali atakuwa anabishana na kanuni ya sauti, na hiyo haina kabila.

Mfano wa pili uko wazi kwenye ramani ya utawala na watu hupita juu yake bila kuuona. Teritwari ya Walikale ina sekta mbili, Wanianga na Bakano. Wanianga ni Banyanga, nao wenyewe hujiita kwa ba-, kama Bakano, kama Bahunde, kama karibu kila mtu katika eneo hilo. Kwa nini basi sekta moja ina wa- ya pwani na jirani yake ina ba- ya hapo? Wa- ililetwa na Kiswahili: misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19 ilipenya kutoka Maniema, ikiwa na waungwana, ambao wenyeji waliwaita Bangwana na lugha yao Kingwana, kisha Wabelgiji waliikuta lugha hiyo inafaa, wakaiandika. Jina la sekta ni kama unyayo uliokauka kwenye udongo. Na unyayo mwingine unaelekea upande wa pili, kwa sababu Kiswahili kilipotua Kivu chenyewe kilibadilika: watu husema "batoto banaenda", ba- ya nyumbani ikakalia kiti cha wa-. Katika karatasi ya serikali pwani imeshinda, na katika kinywa cha muuza sombe, mboga ya majani ya muhogo, wa mji wa Sake imeshindwa.

Pingamizi zito zaidi ni la kisiasa, na silichukulii kwa wepesi. Masisi na Walikale si mahali pa kucheza na swali la nani alikuwepo kwanza. Mauaji yaliyoanzia soko la Ntoto, Walikale, Machi 1993 na kuenea Masisi yalikuwa na swali hilo ndani yake, na sheria zilikuwa zimelichochea. Sheria ya 1972 iliwapa uraia waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaurudisha mpaka huo wa tarehe nyuma hadi 1 Agosti 1885. Sheria ya 2004 ikausogeza hadi uhuru wa 1960. Mtu alilala raia akaamka mgeni, akalazimika kuwatafuta babu zake katika mwaka ambao hakuna aliyekuwa akiandika majina yao. Katika hali hiyo, watu huuliza, si hatari kuwatuma vijana kwa wazee wakakusanye majina ya kale ya vilima? Si tutakuwa tunagawa panga kwa jina la utamaduni?

Hatari ipo. Jibu langu ni kwamba panga tayari limegawiwa, na limenolewa kwa maneno yaliyokatwa historia yao. Tazama mzalendo. Kiini chake ni kuzaliwa: mzalendo ni mtu wa mahali alipozaliwa, na kwa kizazi kilichokulia redio za miaka ya 1960 lilikuwa neno la kupenda nchi. Mei 2022 makundi kadhaa yenye silaha yalikutana Pinga, mji mdogo ulioko Walikale kwenye mpaka na Masisi, yakakubaliana kupigana na M23, na mwaka uliofuata Wazalendo lilikuwa jina la kila siku la wapiganaji wa namna hiyo. Mtoto wa Masisi mwenye miaka sita akisikia "wazalendo wanakuja" anajua kuna bunduki. Wengine huwashukuru, wengine huwakimbia. Hilo si suala la makala haya. Suala ni kwamba mtoto huyo hana tena neno la kumwita mtu anayeipenda nchi yake bila bunduki, na hatalipata isipokuwa kwa mtu aliyelijua kabla. Kuhusu majina ya vilima, ukaguzi wa kweli huwanyima wachochezi wa pande zote kile wanachokitaka. Kishali haithibitishi hati ya shamba la mtu yeyote, wala Gishari haimfukuzi mtu. Zinathibitisha kwamba watu wa lugha mbili walikaa pamoja kwa muda wa kutosha hata kila mmoja akalitamka jina la kilima kwa ulimi wake, na kwamba karani aliandika alilolisikia kwa mmoja wao. Hilo ni dogo kuliko wanasiasa wanavyotaka, ila ni la kweli.

Kuna pia wale wa Kiswahili sanifu, na hawa nitawajibu kwa ukali kidogo. Husema kwamba Kiswahili cha Kongo ni kibovu, hivyo maneno yake ya kale ni makosa ya kale. Waulizwe kama wanalijua andiko la Lubumbashi la 1965, wakati mji huo ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville. Liliandaliwa na André Yav, aliyewahi kuwa boi wa nyumbani kwa Wazungu, kwa ajili ya wenzake wa kazi hiyo, kwa Kiswahili kilekile kinachodharauliwa. Ni historia ya mji, ya makampuni na mateso ya wafanyakazi, na mwenyewe aliliita kwa Kifaransa vocabulaire, yaani msamiati. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilichapisha pamoja na ufafanuzi 1990. Mtu ambaye hakuwa na cheo cha chuo aliona kwamba kueleza maneno ya mji wake ni kueleza nani alimtendea nani nini. Laiti boi mmoja wa mashamba ya chai na pareto ya Masisi, yale ya ardhi iliyogawiwa na Comité National du Kivu kuanzia 1928, angefanya vivyo hivyo kwa kapita na posho na fimbo!

Pingamizi la mwisho linatoka Walikale yenyewe, na hapa sina jibu kamili. Kiswahili ninachokitetea ndicho kinachomeza. Familia ya Kinyanga iliyokimbilia Goma ilikuta kambini watu wa lugha tano, na mtoto alijifunza ile iliyomwezesha kuchota maji bila ugomvi. Baada ya miaka mitatu alimwelewa bibi yake ila hakumjibu kwa lugha yake. Pamoja na lugha huondoka maneno ambayo Kiswahili hakina pa kuyaweka. Fikiria Mwindo, shujaa wa Banyanga. Mwaka 1956 msanii mmoja, Shé-kárisi Rureke, aliuimba utendi wake kwa siku 12, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakautoa katika kitabu 1969 nchini Marekani. Jina la sifa la shujaa ni Kabutwa-kenda. Msemaji wa Kiswahili anahisi analielewa nusu, maana kwenda anaisikia: ni kadogo kalikozaliwa kakatembea. Baba yake ni Shemwindo na mama yake Nyamwindo, kwa sababu katika Kinyanga she- na nya- zinatosha kusema baba wa fulani na mama wa fulani. Sasa rudi kwa jina la msanii: naye anaitwa She-, na kárisi ndiyo tendi hizo zenyewe. Kiswahili kingesema "bingwa wa tendi" na kumfanya fundi. Kinyanga kinamfanya mzazi. Tofauti hiyo ni falsafa nzima ya sanaa, na imekaa ndani ya silabi moja.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba Kiswahili kitayabeba yote. Ninachoweza kusema ni kwamba kazi ya kuyaandika ilishaanza na ilifanywa vizuri: mbali na Mateene na Biebuyck, Mjapani Shigeki Kaji alichapisha msamiati wa Kihunde 1992, baada ya ule wa Kitembo cha majirani. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 nayo inaruhusu lugha za taifa au lugha za mahali kufundishia watoto wadogo. Kilichokosekana ni kiungo kati ya vitabu vya maktaba za Tokyo na California na daftari la mwalimu wa darasa la tatu, na kiungo hicho hakihitaji fedha nyingi. Kinahitaji mwalimu asiyeridhika na orodha. Orodha ya maneno mia ya Kihunde yenye tafsiri zake ni pambo la ukutani. Daftari lenye manufaa lina neno, kijiji cha aliyelitamka, mwaka alioukumbuka, nani alikuwa akitawala, nini kililipwa, na mahali ambapo wazee wawili walikataa kukubaliana. Sehemu hiyo ya mwisho isifutwe kamwe, kwa kuwa mara nyingi ndipo historia ilipojificha: mmoja alikuwa kapita na mwenzake alikuwa mbeba mizigo, na kila mmoja anakumbuka salongo, au kazi ya leta kabla yake, kutoka upande wake wa fimbo.

Katika daftari la namna hiyo, ukurasa wa "lala salama" ungekuwa na maana mbili. Ya kwanza ingeandikwa bila mwaka, kwa kuwa hakuna mzee atakayekumbuka wakati ambapo haikuwepo, na safu ya kilicholipwa ingeachwa wazi. Kwa ya pili, mwalimu angejaza safu zote.